Kanuni za Zabuni na Makisio ya Mavazi ya Askari katika Marekani, 1809–2019

Mwenye kiwanda anayeshonea raia hukisia mahitaji ya mwaka ujao kwa kulitazama soko. Huuliza maduka yaliuza nini, mvua zitanyesha lini, mavuno yamekuwaje, vijana wanapenda mtindo gani. Anayeshonea jeshi hana soko la kutazama. Mnunuzi wake ni mmoja tu, na mnunuzi huyo ndiye atungaye sheria ya ununuzi, achaguaye rangi ya kitambaa, aamuaye fedha zitoke mwezi gani na nani aruhusiwe kuuza. Kwa hiyo hesabu ya askari, ambayo mtu wa kawaida angedhani kuwa ndiyo msingi wa makisio, ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Historia ya sare za jeshi la Marekani yaonyesha hayo waziwazi, kwa sababu nchi hiyo imeandika kanuni zake tangu mapema, na kila kanuni imezaliwa na kosa la kanuni iliyoitangulia.

Sheria ya tarehe 3 Machi 1809 ndiyo mahali pafaapo pa kuanzia. Iliagiza kwamba ununuzi wa serikali ufanyike ama kwa kununua hadharani, ama kwa kutangaza kwanza na kupokea zabuni. Shabaha yake ilikuwa njema: kumzuia ofisa asimpe ndugu yake mkataba. Lakini kutangaza kunataka muda, nayo sufu haisubiri tangazo. Manyoya yakiisha kukatwa kondooni huoshwa, husokotwa kuwa nyuzi, hufumwa, hutiwa rangi, hukatwa, ndipo hushonwa. Tangu malishoni hadi mabegani mwa askari ni kazi ya miezi. Kanuni ilihesabu muda wa karani na kuusahau muda wa mfumi.

Kosa hilo lilionekana mara moja katika vita vya 1812 dhidi ya Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka huo Bunge la Marekani liliidhinisha nyongeza ya askari 25,000, ilhali jeshi lililokuwapo halikufika watu 10,000. Callender Irvine, aliyeteuliwa mwaka huohuo kuwa Kamishna Mkuu wa Manunuzi, aliikuta bohari ya Schuylkill huko Philadelphia haina kitambaa cha buluu cha kutosha. Sufu nzuri ya buluu ilikuwa ikitoka Uingereza kwenyewe, na biashara hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa na sheria za Marekani zilizokataza bidhaa za adui kabla hata ya risasi ya kwanza. Serikali ilijifungia mlango kwa mkono mmoja na kuubisha kwa mkono wa pili. Matokeo yake yalikuwa makoti ya kahawia, meusi na ya kijivu katika jeshi ambalo sare yake rasmi ilikuwa buluu. Kikosi cha jenerali Winfield Scott kilipigana Chippawa mwezi Julai 1814 kikiwa kimevaa kijivu kwa sababu hiyo tu, na husimuliwa kwamba Waingereza walidhani mbele yao wako mgambo wasio na mafunzo, mpaka walipouona mwendo wao chini ya mizinga.

Tangu wakati wa Irvine bohari ya Schuylkill ilishika utaratibu ambao ungedumu kwa miaka mingi. Serikali ilinunua majora ya kitambaa kwa zabuni, ikayakata katika bohari yake, kisha vipande vikagawiwa wanawake wa mji, wengi wao wajane na wake wa askari, waende kuvishona nyumbani kwa malipo ya kila kipande. Huu ulikuwa mgawanyo wa hatari pia, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo. Mfumi alibeba hatari ya bei ya sufu, serikali ikabeba hatari ya kitambaa kilichobaki ghalani, na mshonaji akabeba hatari ya kukosa kazi kila makisio yalipopungua. Katika mistari ya bajeti ni wawili wa kwanza tu waliohesabiwa.

Siku mbili kabla ya Lincoln kuapishwa, tarehe 2 Machi 1861, ilipitishwa sheria yenye kifungu ambacho wanahistoria wa fedha hukitaja sana, na ambacho wanahistoria wa mavazi wangepaswa kukitaja zaidi. Kifungu hicho kilikataza mkataba wowote wa serikali usiokuwa na fedha zilizoidhinishwa, isipokuwa katika wizara za vita na za wanamaji kwa ajili ya mavazi, chakula, malisho, kuni, makazi na usafirishaji. Kwa maneno mengine, bunge lilikiri kwamba askari hawezi kukaa uchi akingoja kura. Lakini liliongeza sharti: deni hilo lisizidi mahitaji ya mwaka uliopo.

Sharti hilo dogo ndilo kiini cha jambo. Mwaka wa fedha wa Marekani wakati huo ulianza tarehe 1 Julai. Koti zito la kuvaliwa mwezi Novemba lilipaswa kuagizwa majira ya kuchipua, yaani Machi au Aprili, na kumbe Novemba ile ilikuwa mali ya mwaka wa fedha ujao. Mkuu wa ugavi aliyeifuata sheria neno kwa neno angeagiza makoti mwezi Julai na kuyapokea baridi imekwisha kuuma. Mkuu wa ugavi mwenye busara aliandika mahitaji makubwa kuliko yaliyokuwapo ili mwaka uliopo umbebe mwenzake. Hivyo basi makisio yaliyofika kwa wazabuni yalikuwa yamepindwa tangu kuandikwa kwake, wala si kwa udanganyifu, bali kwa sababu kalenda ya bunge na kalenda ya kondoo hazikupatana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwezi Aprili 1861, jeshi lote la shirikisho lilikuwa na watu wapatao 16,000. Lincoln aliomba watu 75,000 kwanza, na kabla ya mwaka kwisha hesabu ilikuwa ikisemwa kwa mamia ya maelfu. Montgomery Meigs, aliyeshika ofisi ya Mkuu wa Ugavi mwezi Mei, hakuwa na kitambaa. Majimbo yalijinunulia yenyewe, kila jimbo kwa bei yake na rangi yake. Ndipo likapata umaarufu neno lililomaanisha kitambaa kilichotengenezwa kwa matambara yaliyochanwa na kusokotwa upya: koti zuri machoni, likinyeshewa mvua linachanika. Jimbo la New York lilipokea maelfu ya sare za namna hiyo kutoka kwa washonaji wenye jina kubwa.

Meigs alijaribu njia ya haraka, akaagiza vitambaa Ulaya. Wafanyabiashara wa Boston wakapiga kelele kwamba viwanda vya nyumbani vinaweza kulivika jeshi, na fedha ya taifa isiende ng'ambo. Hoja yao haikuwa na sheria nyuma yake wakati huo; miaka 80 baadaye ingekuwa ndiyo sheria. Bunge kwa upande wake lilijibu kashfa kwa kanuni juu ya kanuni: mwaka 1862 mikataba yote iandikwe na nakala ziwekwe mahali pa kukaguliwa, na mkataba usihamishwe kutoka mtu hadi mtu, mwaka 1863 ikaja sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali, ambayo ingali hai. Kanuni ya kutohamisha mkataba ilikusudiwa kuwafukuza madalali wasio na hata cherehani moja, walioshinda zabuni kwa bei ya chini kisha wakatafuta wa kuwafanyia kazi. Madalali hawakwisha. Hao ndio waliokuwa na ujuzi wa kukisia zabuni, ujuzi ambao wafumi wengi hawakuwa nao.

Wanawake wa Philadelphia waliliona jambo hili upande wa mifuko yao. Bohari ya serikali ililipa bei yake ya kila kipande. Mwenye mkataba, ambaye alikuwa ameshinda kwa kutaja bei ndogo kabisa, alilipa pungufu sana kwa kazi ileile. Kadiri zabuni za nguo zilizokwisha kushonwa zilivyoongezeka na kazi ya bohari kupungua, ndivyo malipo yalivyoshuka, ingawa bei za chakula zilikuwa zikipanda. Kuelekea mwisho wa vita washonaji wa Philadelphia na wa Cincinnati walipeleka malalamiko yao hadi kwa Rais Lincoln, wakiomba serikali iwape kazi moja kwa moja. Ombi hilo lafaa kusomwa kama andiko la uchumi. Walikuwa wakieleza kwamba kanuni ya bei ya chini haipunguzi gharama, bali huihamisha kwa asiyeketi mezani.

Msomaji wa Kongo anayo sababu yake ya kukikumbuka kipindi hiki. Kitambaa cha merikani, kilichofumwa Massachusetts na kupelekwa Zanzibar na merikebu za Salem tangu miaka ya 1830, kilikuwa kimekwisha kuwa kama fedha katika njia za misafara hadi Ujiji na Manyema. Vita vilipokata pamba ya kusini, merikani ikawa adimu Zanzibar, na nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi. Jina likabaki hata kitambaa kilipokuwa si cha Wamarekani tena. Uamuzi uliofanyika Washington na Richmond ulipimwa pia kwa mikono ya kitambaa mbele ya wapagazi wa Tabora.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, maghala yalijaa. Jeshi likapunguzwa upesi, na bunge halikuona sababu ya kununua nguo mpya maadam za zamani zipo; katika miaka ya 1870 askari wa mipakani walikuwa bado wakivalishwa masalio ya vita, hata baada ya kanuni mpya ya sare ya mwaka 1872. Kwa mwenye kiwanda huo ulikuwa ukame wa miaka mingi. Mwaka 1898 hadithi ikarudiwa: jeshi la kawaida la askari wapatao 28,000 likaongezwa ghafula katika vita dhidi ya Hispania, na watu wakapelekwa Cuba katikati ya joto la kiangazi wakiwa na nguo za sufu, kwa kuwa kaki nyepesi ilikuwa bado haijaweza kutengenezwa nyumbani kwa wingi.

Karne ya 20 ilileta kanuni ya aina nyingine, isiyouliza bei wala muda bali asili. Tarehe 5 Aprili 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, bunge lilitia katika sheria ya nyongeza ya fedha za ulinzi sharti kwamba chakula na mavazi ya jeshi vitoke nchini. Sharti hilo lilipanuliwa mwaka 1952 kwa juhudi za mbunge Ellis Berry wa South Dakota, jimbo la wafuga kondoo, na tangu hapo likabeba jina lake. Lilikuwa likirudiwa katika sheria za bajeti mwaka baada ya mwaka mpaka lilipofanywa la kudumu katika miaka ya 1990. Sheria ya kununua bidhaa za Marekani ya mwaka 1933 iliridhika na bidhaa ambayo sehemu kubwa ya vijenzi vyake ni ya nyumbani. Kanuni ya Berry haikuridhika hivyo: nyuzi, kitambaa, kukata, kushona, vyote viwe vya nchini.

Mwanzoni kanuni hiyo haikubadili makisio sana, kwa kuwa Marekani ilikuwa na viwanda vya nguo kila upande. Uzito wake ulikuja viwanda hivyo vilipohamia Asia na Amerika ya Kati. Kadiri raia walivyovaa nguo zilizoshonwa mbali, ndivyo jeshi lilivyobaki mteja pekee wa aina fulani za nyuzi na vitambaa. Zamani mfumi aliyekosea makisio ya jeshi aliweza kukiuza kitambaa kilichobaki kwa washonaji wa raia. Sasa kitambaa hicho hakina mtu wa pili. Kanuni inayomlinda na ushindani wa nje ndiyo hiyohiyo inayomwacha na ghala lisilo na mlango wa nyuma.

Juu ya hayo ziko kanuni za mgawo. Viwanda vya magereza ya shirikisho, vilivyoanzishwa mwaka 1934, vilipewa haki ya kutangulia katika bidhaa kadhaa. Sheria ya mwaka 1938 iliwapa haki ya namna hiyo mashirika ya vipofu, na mwaka 1971 ikapanuliwa kwa watu wenye ulemavu mwingine. Tangu mwaka 1953 sehemu nyingine imewekwa kando kwa ajili ya makampuni madogo. Kila kanuni ina sababu yake ya haki, wala si rahisi kuibeza. Lakini mwenye kiwanda cha kawaida anayejua kwa hakika kwamba jeshi litanunua suruali 100 hajui bado chochote kuhusu suruali zake. Na kampuni ndogo inayofanya kazi vizuri ikaajiri watu wengi hujikuta imevuka kikomo cha udogo, ikapoteza zabuni kwa sababu ya kufanikiwa.

Mkataba wenyewe nao umebadilika. Chini ya kanuni kuu ya ununuzi wa shirikisho, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1984, mavazi mengi hununuliwa kwa mkataba usiotaja idadi kamili: hutajwa kiwango cha chini na cha juu, mwaka wa kwanza ni wa lazima, na miaka inayofuata ni ya hiari ya serikali. Serikali hufungwa na kiwango cha chini peke yake. Kiwanda nacho hupaswa kuwa tayari kwa kiwango cha juu. Kati ya namba hizo mbili ndimo yaliyomo makisio yote, na hatari yake imelala upande mmoja.

Ni kweli kwamba tangu katikati ya karne iliyopita ofisi ya ugavi ya Philadelphia imekuwa ikinunua kwa mfuko wa mzunguko, yaani hununua nguo, huviuzia vikosi, na kununua tena kwa fedha iliyorudi, bila kungoja kura ya kila mwaka. Mfuko huo umelegeza kamba ya 1861. Hata hivyo vikosi vinavyonunua kutoka kwake bado hutegemea bajeti ya mwaka, na mwanzo wa mwaka wa fedha, uliohamishiwa tarehe 1 Oktoba mwaka 1976, kwa kawaida hukuta bajeti haijapitishwa. Tangu uhamisho huo, bunge limemaliza sheria zake zote za matumizi kwa wakati katika miaka minne tu ya fedha: 1977, 1989, 1995 na 1997.

Hakuna mfano unaozikusanya kanuni zote hizi kama ule wa bereti nyeusi. Mwezi Oktoba 2000 mkuu wa jeshi la nchi kavu, jenerali Eric Shinseki, alitangaza kwamba askari wote watavaa bereti nyeusi ifikapo tarehe 14 Juni 2001, siku ya kuzaliwa kwa jeshi. Ilibaki miezi minane. Ofisi ya ugavi haikuwa imekisia hitaji hilo, wala isingeweza, kwa maana halikutokana na vita, wala baridi, wala uchakavu, bali na hotuba. Bereti si kofia ya kukatwa na kushonwa tu. Hufumwa kwa sufu, huoshwa na kugandamizwa mpaka iwe nzito, na mashine zake ni chache. Kiwanda kilichokuwa kikiziuzia jeshi nchini kilikuwa kimoja, huko Cabot, Arkansas, na hakikuweza kutoa mamilioni kwa muda huo.

Kanuni ya Berry ikaondolewa kwa idhini maalumu, na mikataba ikapewa makampuni yenye viwanda ng'ambo, China ikiwamo. Baadhi hayakutimiza tarehe na mikataba yao ikavunjwa. Kisha tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya China karibu na kisiwa cha Hainan, na kofia zilizokuwa suala la bohari zikawa suala la heshima ya taifa. Mwanzoni mwa Mei iliamriwa kwamba bereti za China zisivaliwe. Zaidi ya 600,000 zilirudishwa ghalani zikiwa mpya. Ilipofika tarehe 14 Juni si askari wote waliokuwa na bereti. Miaka kumi baadaye, mwezi Juni 2011, jeshi liliruhusu kofia ya kawaida yenye ukingo irudi kuwa vazi la kila siku, na bereti ikabaki ya sherehe. Mwenye kiwanda aliyenunua mashine mwaka 2001 kwa kuamini kwamba kila askari atachakaza bereti kila mwaka alikuwa amefanya hesabu sahihi juu ya kanuni ambayo haikudumu.

Sare za mabaka zilifuata njia hiyohiyo kwa gharama kubwa zaidi. Hadi mwanzo wa miaka ya 2000 majeshi yote ya Marekani yalitumia mabaka ya aina mbili, ya msituni na ya jangwani, hivyo kitambaa kilichozidi kwa wanamaji kiliweza kuvaliwa na jeshi la nchi kavu. Kikosi cha majini kilipojitengenezea mabaka yake mwaka 2002, wengine walifuata, kila jeshi na lake. Soko moja likavunjika vipande, na kila kipande kilihitaji akiba yake, saizi zake na makisio yake. Jeshi la nchi kavu lilichagua mwaka 2004 mabaka ya kijivu na kijani hafifu yaliyokusudiwa kufaa kila mahali; Afghanistan hayakufaa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge ilikadiria mwaka 2012 kwamba kuyabadili kungeweza kugharimu hadi dola bilioni 4 katika miaka mitano. Katika Afghanistan yenyewe, mkaguzi maalumu wa Marekani alieleza mwaka 2017 kwamba jeshi la taifa hilo lilikuwa limenunuliwa sare za mabaka ya msituni yenye hakimiliki ya kampuni, kwa nyongeza iliyoweza kufikia dola milioni 28, katika nchi ambayo misitu yake ni kama asilimia 2 ya ardhi.

Sheria ya ulinzi iliyotiwa sahihi mwezi Desemba 2013 ilikataza jeshi lolote kujibunia mabaka mapya ya pekee na kuagiza majeshi yarudi kwenye sare za pamoja. Kwa wafumi wa Carolina na washonaji wa Puerto Rico ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa kanuni kupunguza idadi ya mambo ya kukisiwa badala ya kuiongeza. Jeshi la wanamaji lilikuwa bado na sare yake ya buluu yenye mabaka, ambayo mabaharia waliicheka kwamba ingemficha vizuri mtu aliyeanguka baharini. Iliondolewa rasmi tarehe 1 Oktoba 2019, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha.